Mashine ya mfululizo ya kujaza maganda ya risasi: usianze na idadi kwa saa

Tangazo la mashine ya mfululizo, ile inayojaza upya maganda yaliyokwisha kufyatuliwa na kutoa risasi moja kila ukivuta mkono wake, huanza na namba: risasi 500 kwa saa, 800, hata 1,000. Namba hiyo ndiyo inayomvuta mnunuzi, na mara nyingi ndiyo inayompoteza. Si ya uongo. Mtu aliyeizoea mashine yake, mwenye maganda safi na fataki (vidude vya kuwashia baruti) zilizokwisha kupangwa kwenye mirija, anaweza kuifikia. Tatizo ni kwamba haikuambii jambo ambalo mnunuzi angepaswa kuuliza kwanza: mashine hii ikikosea, au mimi nikikosea, kosa litaonekana kabla risasi haijaingia kwenye kisanduku?

Kwanza tuweke mipaka. Ninayoyaeleza hapa ni ya Marekani, na yanawahusu wenzetu walioko Texas, Arizona au Minnesota ambao wameingia kwenye michezo ya shabaha na kugundua kwamba risasi za dukani zinakula mshahara. Kule, sheria ya shirikisho haimdai leseni mtu anayejaza maganda kwa matumizi yake mwenyewe. Akitaka kuuza, hapo anahitaji leseni ya mtengenezaji wa risasi. Majimbo nayo yana masharti yao, kwa hiyo anayekaa California asifuate ushauri wa anayekaa Nevada. Kwetu habari ni nyingine kabisa. Sheria ya Silaha ya Kenya, Sura ya 114, na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya Tanzania ya mwaka 2015 zinaweka utengenezaji wa risasi chini ya vibali, na risasi hutengenezwa viwandani, kama kile cha serikali kilichoko Eldoret au Shirika la Mzinga la Morogoro. Aliyewaza kuipakia mashine yake kwenye kontena la kurudi nyumbani aonane na mwanasheria kabla hajaonana na wakala wa meli.

Risasi moja kamili ina vitu vinne: ganda la shaba, fataki inayokaa kwenye shimo la kitako cha ganda, baruti ndani, na kichwa kinachoruka. Ukifyatua, vitatu vinakwenda na ganda linabaki, nalo ndilo lenye gharama kubwa kulitengeneza. Ganda la bastola likitunzwa hujazwa mara nyingi kabla mdomo haujapasuka. Sharti ni kwamba liwe la mtindo wa Boxer, wenye tundu moja la moto katikati, ili pini iweze kuisukuma fataki iliyokwisha kutumika itoke. Mtindo wa Berdan una matundu mawili pembeni na pini haiwezi kupenya. Cha kuchekesha ni kwamba Edward Boxer alikuwa Mwingereza na mtindo wake ndio uliotawala Marekani, hali Hiram Berdan alikuwa Mmarekani na wake ukashika Ulaya. Kwa mjazaji wa nyumbani, Berdan ni chuma chakavu.

Kazi yenyewe ina hatua zisizoepukika. Ganda likishafyatuliwa huwa limevimba, hivyo linabanwa lirudi kipimo chake, na fataki kuukuu inatolewa. Fataki mpya inawekwa. Mdomo unapanuliwa kidogo ili kichwa kikae. Baruti inamiminwa. Kichwa kinasukumwa hadi urefu unaotakiwa, na mwisho mdomo unabanwa tena. Kila hatua ina kalibu yake, yaani kile kipande cha chuma kilichofungwa kwa skrubu juu ya mashine ambacho ganda huingia ndani yake likipandishwa na pistoni.

Mashine ya hatua moja hushika kalibu moja kwa wakati. Unabana maganda yote 100, unabadilisha kalibu, unapanua midomo yote 100, unaendelea hivyo. Risasi moja ya bastola inadai uvute mkono wa mashine mara nne hivi, na baruti unaipima pembeni. Aliyezoea hutoa kati ya 50 na 100 kwa saa. Mashine ya tareti inashika kalibu zote kwenye kipande cha juu kinachozunguka; huhitaji kufungua na kufunga skrubu, ingawa mkono bado unauvuta mara nne kwa kila risasi. Mashine ya mfululizo inafanya kinyume: kalibu zimesimama, maganda ndiyo yanayozunguka juu ya sahani ya chuma, kila ganda kwenye kituo chake. Sahani ikishajaa, kila ukivuta mkono mara moja, kila kituo kinafanya kazi yake kwa pamoja na risasi moja iliyokamilika inadondoka kwenye kisanduku.

Hapo ndipo raha yake ilipo, na hatari yake pia. Kwenye mashine ya hatua moja, unakuwa na maganda 50 yaliyosimama kwenye kibao yakiwa na baruti, unamulika tochi, na macho yanaona mara moja lililozidi au lililo tupu. Kwenye mashine ya mfululizo mambo manne au matano yanatokea kwa wakati mmoja na wewe una macho mawili.

Makosa mawili ndiyo yenye kuogopesha. La kwanza ni ganda lililokosa baruti. Fataki peke yake ina nguvu ya kukisukuma kichwa hadi ndani ya mtutu kikakwama humo. Mlio unakuwa hafifu, kama wa kuzibua chupa, na mpiga shabaha mwenye haraka anakoki tena na kufyatua. Kichwa cha pili kinakutana na cha kwanza, na mtutu unavimba au unapasuka. La pili ni baruti mara mbili. Ganda la 9 mm Luger lina urefu wa milimita 19 na ushee tu, lakini baruti nyingi za bastola hutumiwa kwa greni chache mno. Greni 7,000 ndizo zinazofanya pauni moja, sawa na gramu 454. Kwa hesabu ya mfano, ambayo si kipimo cha kufuata, greni 5 kwa kila ganda maana yake pauni moja inatoa risasi 1,400. Kiasi kidogo hivyo kinaweza kuingia mara mbili ndani ya ganda na kichwa bado kikakaa juu yake vizuri. Kwa nje, risasi nzima na iliyojazwa mara mbili hazitofautiani.

Ndiyo maana mimi nikiulizwa swali la mashine naanza kuhesabu vituo, sihesabu risasi kwa saa. Vituo vinne vinatosha kwa kazi yote: kubana na kuweka fataki, baruti, kichwa, kubana mdomo. Hakuna nafasi iliyobaki. Vituo vitano vinakupa kimoja cha kuweka kikaguzi cha baruti kati ya kituo cha baruti na cha kichwa. Kikaguzi ni kijiti kinachoshuka ndani ya kila ganda. Kikikuta baruti iko juu sana au chini sana kinapiga kengele, na aina ya kampuni ya RCBS huifunga mashine kabisa isiendelee. Kifaa hiki hakikamati upungufu wa sehemu ndogo ya greni, na wala hakikutengenezwa kwa ajili hiyo. Kinakamata yale makosa mawili makubwa, na hayo ndiyo yanayoharibu bastola na vidole.

Sisemi kwamba mashine ya vituo vinne ni mbaya. Dillon RL550, iliyotoka Arizona katika miaka ya 1980 na ambayo toleo lake la sasa ni 550C, ina vituo vinne na imeshikilia soko kwa miongo. Mwenye 550 hujipa nidhamu ya macho: anafunga taa ndogo juu ya kituo cha tatu na kuchungulia ndani ya kila ganda kabla ya kuweka kichwa. Wengine wanachagua baruti nyepesi yenye kujaza nafasi, ili ikiingia mara mbili imwagike juu ya sahani na kujifichua yenyewe. Hiyo ya baruti ya kujaza nafasi ni kinga nzuri kuliko vifaa vingi vya kununua, na ajabu ni kwamba wauzaji wa mashine hawasemi habari yake.

Sasa tuje kwenye jambo linalogawanya watu: nani anaizungusha sahani, wewe au mashine? Kwenye 550 unaizungusha kwa kidole gumba. Mkono wa kulia unaingiza ganda tupu, unavuta. Mkono wa kushoto unazungusha sahani na kuweka kichwa cha risasi. Kwenye Dillon XL750, iliyochukua nafasi ya XL650 mwaka 2019, kwenye Hornady Lock-N-Load AP, na kwenye Lee Pro 1000 yenye vituo vitatu, sahani inajizungusha yenyewe kadiri mkono wa mashine unavyokwenda na kurudi.

Anayetetea ya kidole atakwambia anaijua kila hatua, na mashine haiwezi kumkimbiza. Anayetetea ya kujizungusha atajibu kwamba kidole ndicho kinachosahau. Wote wawili wana haki, ila hawazungumzii wakati mmoja. Kazi ikienda kwa mdundo wake, mashine ya kujizungusha ni salama zaidi, kwa sababu ganda haliwezi kubaki chini ya kipimio cha baruti kwa mivuto miwili kamili. Ukiwa na 550, simu ikilia ukasahau kuzungusha na ukavuta tena, baruti imeingia mara mbili. Lakini kazi ikikwama, mambo yanageuka. Tuseme fataki imekaa upande, mkono umesimama katikati. Kwenye 550 unarudisha mkono, unachomoa kile kipini cha shaba kinacholizuia ganda, unaondoa ganda bovu, mengine yamekaa palepale. Kwenye mashine ya kujizungusha, kurudisha mkono nusu na kuusukuma tena kunaweza kumimina baruti mara ya pili kwenye ganda ambalo halijahama, au kuipeleka sahani mbele kabla kituo kimoja hakijamaliza kazi. Wewe mwenyewe, umeinama unatafuta fataki iliyopotea, hukumbuki ulikuwa wapi.

Kwa hiyo kanuni inayofaa kushikwa na mashine yoyote ile ni hii: ikikwama, ondoa kila ganda lililo kwenye sahani. Yenye baruti yamwage kwenye bakuli, yenye kichwa yaweke pembeni uyakague kwa mizani au uyavunje, kisha anza upya na sahani tupu. Utapoteza dakika tatu. Ajali za risasi za nyumbani huweza kuanzia kwenye kusimama na kuendelea, si kwenye kasi tu, na ndiyo sababu mashine isiyokwama kila mara ina thamani kuliko inayokimbia.

Kuna tofauti ndogo kati ya Hornady na Dillon ambayo katalogi huiandika kwa mstari mmoja, nayo ni kubwa mezani. Hornady huzungusha sahani nusu hatua mkono ukishuka na nusu ukipanda. XL750 huzungusha hatua nzima kwa mkupuo mwishoni. Ukiwa na ganda fupi la 9 mm lililojaa karibu na mdomo, mkupuo ule hurusha punje za baruti juu ya sahani, zinaingia chini yake, sahani inakuwa nzito, fataki zinaanza kukaa juu juu. Watu hutengeneza kwa kubadilisha springi iliyo chini ya gololi inayoishika sahani kwenye kituo waweke laini zaidi, au kwa kurudisha mkono taratibu mwishoni. Ukijua hilo kabla ya kununua, hutashtuka.

Fataki zenyewe zinastahili heshima ya pekee. Ndicho kitu pekee mezani kinacholipuka kwa kugongwa. Zikiwa 100 zimepangana ndani ya mrija mmoja, moja ikilipuka zinaweza kufuatana zote, ndiyo maana mrija wa fataki wa Dillon umevikwa bomba la chuma linaloelekeza mlipuko juu, na ndiyo maana miwani ya kinga huvaliwa hata kwa kazi ya risasi kumi. Ukihisi fataki inagoma kuingia, usilazimishe. Hapa muundo wa mashine unaonekana mkononi: kwenye 550 na 750 fataki inasukumwa unapoupeleka mkono mbele, kwa hisia ya kiganja, hivyo unajua kama shimo ni legevu au kuna uchafu. Kwenye RL1100, mashine kubwa ya Dillon, inasukumwa wakati wa kuvuta, kwa kina kilichopangwa na skrubu. Zinakaa sawasawa zote, lakini kiganja hakina habari. Pro 1000 ya Lee inategemea mtelemko, fataki zikisukumana kwa uzito wao, na mtelemko ukikaribia kuisha mtiririko unasita. Anayeijua huujaza kabla haujapungua. Asiyeijua anaitukana mashine.

Kwa bunduki ndefu, ndoto ya mfululizo inapungua kasi. Maganda ya bastola yaliyonyooka hubanwa na kalibu ya kabaidi, dutu ngumu kuliko chuma, bila mafuta. Ganda la .223, lenye shingo, lazima lipakwe mafuta la sivyo linakwama ndani ya kalibu na kutoka kwa nyundo. Likishabanwa linarefuka, hivyo linapimwa na kukatwa, na mafuta yanafutwa. Kama ganda ni la kijeshi, yale yenye herufi LC kitakoni kutoka kiwanda cha Lake City kilichoko Independence, Missouri, fataki yake ya kwanza ilibanwa ukingoni ili isitoke vitani, na ule ukingo lazima uondolewe ndipo fataki mpya iingie. RL1100, yenye vituo vinane, ina kituo cha kazi hiyo, na kwa anayejaza 5.56, ndugu wa kijeshi wa .223, kwa maelfu hicho kituo pekee kinaweza kuhalalisha bei yake inayozunguka dola 2,000 au kuzidi. Kwa anayejaza 200 za kuwindia paa, mashine ya hatua moja inampa risasi nzuri vilevile na usingizi mtulivu.

Hapo tumefika kwenye swali la kiasi. Mashindano ya klabu ya mtindo wa USPSA, chama cha Marekani cha mashindano ya shabaha, yanaweza kumaliza risasi 150 kwa asubuhi moja, na mazoezi ya katikati ya wiki yanakula nyingine. Anayepiga 800 au 1,000 kwa mwezi, aina moja tu ya bastola, XL750 au Hornady itamfaa, na kilishio cha maganda cha umeme atakitamani kabla mwaka haujaisha. Anayepiga 300 kwa mwezi lakini ana aina nne tofauti, ya 550 inamfaa kuliko ya kasi, kwa sababu kubadilisha kutoka aina moja kwenda nyingine ni kutoa kipande cha juu kinachoshika kalibu, kubadilisha sahani na vipini, na ikibidi njia ya fataki kutoka kubwa kwenda ndogo. Kwenye mashine kubwa zoezi hilo linachukua muda na linagharimu seti nzima ya vipuri kwa kila aina. Square Deal B ya Dillon ni nafuu na inajizungusha, lakini inatumia kalibu zake peke yake na ni ya bastola tu. Siku ukiiacha, kalibu zake haziendi popote. Mashine nyingine karibu zote zinapokea kalibu za uzi wa kawaida, ule wa inchi 7/8.

Na anayeanza kabisa? Wazee wa kazi watamwambia aanze na ya hatua moja. Nakubaliana nao kwa sehemu. Akili ikishindwa kufuata vituo vinne kwa pamoja, inunuliwe tareti. Lakini mtu mtulivu anaweza kuanza na mashine ya mfululizo, mradi mwezi wa kwanza aitumie kana kwamba ni ya hatua moja: ganda moja kwenye sahani, linazunguka vituo vyote, linatoka, ndipo linaingia jingine. Kila la kumi baruti yake inapimwa kwenye mizani. Akishajua sauti ya kila kituo, sahani ijae.

Bajeti isiishie kwenye mashine. Mizani, kalibu, mirija ya fataki, kitabu cha vipimo cha mtengenezaji wa baruti, chombo cha kusafishia maganda, benchi lisilotikisika. Mashine ya Lee inaweza kupatikana kwa mamia machache ya dola. XL750 ikiongezwa vifaa huvuka 1,000 bila shida. Wengi hujiambia watarudisha pesa kwa akiba ya risasi. Kimsingi hesabu inaweza kukubali, ila mwenye risasi rahisi hupiga nyingi zaidi. Halafu kuna soko lenyewe: kati ya 2020 na 2022 fataki ziliadimika Marekani, na waliokuwa na mashine za maelfu ya dola walikaa wakizitazama. Kabla ya kuagiza mashine, hakikisha fataki za ukubwa unaohitaji zinapatikana karibu nawe, kwa kuwa zikija kwa kifurushi hutozwa ada ya mizigo ya hatari.

Nyumbani, kanuni za kuzuia moto za NFPA, chama cha Marekani cha kuzuia moto, huruhusu hadi pauni 20 za baruti isiyo na moshi, kama kilo 9, zikiwa kwenye makopo yake ya asili tu, na fataki zisizidi 10,000. Mezani kuwe na kopo moja tu la baruti lililofunguliwa. Vumbi la fataki zilizotumika lina madini ya risasi (lead), ambayo ni sumu, kwa hiyo chakula hakiliwi karibu na benchi, na chombo cha kusafishia maganda hakikai jikoni wala penye watoto. Mikono ioshwe kwa sabuni na maji baridi.

Mashine iliyotumika si vibaya kuinunua. Dillon hutoa dhamana ya maisha kwa mashine zake nyingi za nyumbani, na ndiyo sababu za mitumba hazishuki bei sana. Ukienda kuiona, omba sahani itolewe utazame chini yake kama kuna kutu au punje za zamani. Shika pistoni uitikise pembeni. Weka ganda moja, vuta mara kumi bila baruti, uone kama linasimama katikati ya kila kalibu bila kuguswa. Muulize muuzaji sahani na vipini ni vya aina gani ya risasi, kwani wengi hutaja mashine na kusahau kusema ni ya .45 wakati wewe unapiga 9 mm. Na baruti aliyoiacha ndani ya kipimio, hata kama anaapa ni ileile iliyoandikwa kwenye kopo, imwage.